Nozeli za Mjomba

Magoudjou, Moroni
9 Februari 1986

Mdogo wangu Elarif,

Salamu kwako, kwa mkeo Bahiat na kwa wote wa nyumba hiyo ya Mutsamudu iliyokuoa. Sisi wazima. Mume wangu Moindjié jino limemvimbisha shavu, na kwa mara ya kwanza tangu anioe anaonekana mnene. Binti yetu Dhakia ameposwa, alhamdulillahi. Wakwe wanataka harusi Agosti, wakati jamaa wa Marseille wako likizo na wana nguo za kuonyesha. Wewe ndiye mjomba, kwa hiyo jiandae, maana mjomba haitwi kula wali tu.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha Unguja tulikozaliwa. Barua yako ya mwisho uliiandika kwa Kinzuani cha wakweo na iliniuma kichwa siku nzima.

Sasa shida yangu. Lile gari la Pijo la dizeli nililolinunua kwa dhahabu za harusi yangu, ambalo Moindjié hubebea abiria wa Ntsoudjini na ndilo linalotulisha, limeanza kugonga. Halisemi tena, linagonga, kama mtu aliyefungiwa kabatini na nyundo. Asubuhi hutoa moshi mweupe, likipanda mlima moshi mweusi. Mwadhini wetu ameniambia kwa adabu kwamba siku hizi adhana ya alfajiri anaisoma kutafuta thawabu tu, kwa sababu watu wamekwisha kuamshwa na Moindjié. Fundi wa mtaani anataka kuifungua injini yote aitandaze chini. Moindjié anasema ni uzee, basi. Wewe uliyejifunza ufundi kwa Wahindi wa Darajani unasemaje?

Dada yako,
Ramlati

•

Mutsamudu
27 Februari 1986

Kwezi, dada yangu Ramlati, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa.

Bahiat anakusalimu. Karafuu mwaka huu chache, maneno mengi. Mwambie shemeji Moindjié pole kwa jino, na asiling'oe kabla ya harusi, picha zitatoka vizuri.

Huyo fundi wa mtaani usimruhusu ashike hata boneti. Anayefungua injini kabla ya kuisikiliza ni mwuza nyama, si fundi. Sikiliza: mlio wa kugonga una wazazi wengi. Beringi ikiisha hugonga chini, kwa uzito, na huo ni msiba. Nozeli ikichoka hugonga juu, kwa ukali, kama kijiko kwenye sufuria. Nozeli ni vile vichuchu vinne vinavyonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Kikichoka kimoja, badala ya kunyunyiza kama mrashi kinadondosha kama pua ya mtoto mwenye mafua, na dizeli inaripuka wakati si wake. Kwa moshi ulionitajia, nazishuku nozeli.

Mfanye hivi. Injini iwe inanguruma polepole. Moindjié ashike spana, wewe usikilize. Usimpe yeye kazi ya kusikiliza, hata wewe hajawahi kukusikiliza. Alegeze nati ya paipu ya nozeli ya kwanza, dizeli imwagike nje, silinda hiyo ikose chakula. Mlio ukibaki, afunge, aende ya pili, vivyo hivyo mpaka ya nne. Pale ambapo nati ikilegea mlio unakatika, umemshika mwizi. Kama haukatiki kwa yoyote, mwizi yuko chini kwenye beringi, na mwanze kulilia gari. Na asiweke kidole mbele ya dizeli inayotoka, ina nguvu ya kutoboa ngozi.

Mdogo wako,
Elarif

•

Magoudjou, Moroni
20 Machi 1986

Mdogo wangu Elarif,

Sote salama. Jino la Moindjié limepoa na wembamba wake umerudi. Dhakia anashona mito ambayo hakuna atakayeilalia.

Tulifanya ulivyosema, ila Moindjié alichagua kulifanya Ijumaa na kanzu nyeupe mwilini, kwa kuwa ati ni kazi ndogo. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Nati ya kwanza, mlio upo. Ya pili, upo, na kanzu imekwisha kuwa na ramani ya visiwa vyote. Ya tatu, kimya. Kimya kabisa, Elarif, mpaka bibi wa ng'ambo ya njia akatoka kuuliza nani amefariki. Tukaifunga, ikagonga tena. Ya nne haikubadilisha kitu. Basi mwizi ni wa tatu, na umesema kweli, nami nalikubali hilo mara moja kwa mwaka.

Nozeli hapa Moroni hazipatikani. Duka linasema meli ijayo, na meli ijayo limekuwa likiisema tangu meli iliyopita. Kama huko zipo, nitafutie.

Na jambo jingine. Bahiat aliniandikia kwamba gereji ya bandarini imefungwa. Unafanya kazi wapi siku hizi?

Ramlati

•

Mutsamudu
15 Aprili 1986

Kwezi, dada.

Huku salama. Mvua inanyesha upande mmoja wa barabara tu, ule ninaopita mimi. Ninakuletea nozeli nne mpya kwa mkono wa shangazi yetu Batoul, anayeleta vitambaa huko. Ameziweka ndani ya gunia la karafuu, kwa hiyo gari litanukia. Hazina boksi, usijali, ni nzima. Wakati wa kuzifunga weka na vishata vipya vya shaba, vile vipete vya kuziba, nilivyovifunga pamoja nazo. Mkitumia vya zamani moshi utavuja, na mtasema Elarif hajui kazi.

Unauliza nafanya kazi wapi. Kazi ninayo, namshukuru Mungu. Gari ni gari, na mafuta ya gari yanachafua mikono ya watu wote sawasawa.

Nataka Ramadhani ikifika mwadhini wenu arudishiwe kazi yake.

Elarif

•

Mutsamudu
14 Juni 1986

Kwezi, dada.

Ramadhani imefika, imekwenda, na Idi tumeila, na barua kutoka kwako hakuna. Nilidhani nyote mmekufa. Juzi amekuja kijana mmoja wa Moroni, nikamwuliza kama analijua Pijo la Moindjié wa Magoudjou. Akasema, nani asiyelijua, ukiwa Ntsoudjini unalisikia likiwa bado linatafuta abiria sokoni.

Kwa hiyo nozeli zangu mmezipika? Mmezitia kwenye mchuzi wa Idi? Niambie tu zilikuwa na chumvi ya kutosha.

Elarif

•

Magoudjou, Moroni
30 Juni 1986

Mdogo wangu Elarif,

Idi njema, ingawa imechelewa. Hatujafa. Bibi wa ng'ambo ya njia ndiye aliyetangulia, Mungu amrehemu, na kwa mara ya mwisho alilalamika juu ya gari letu. Jirani yetu Oumouri, yule mwenye gari lisilosikika hata likikupita ubavuni, hana gari siku hizi. Anatembea kwa miguu, na anasema ni kwa afya yake.

Nozeli tumezipokea. Ni nzuri sana. Ziko kwenye sanduku la nguo za Dhakia, chini ya hariri. Zitabaki humo. Mlio wa gari tumeuzoea, waache watu walalamike.

Bahasha yako ya mwisho ilifika imebandikwa upya, kwa gundi isiyo yako. Ukija harusini tutazungumza mimi na wewe tu.

Ramlati

•

Mutsamudu
16 Julai 1986

Kwezi, dada.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara inanitukana upya. Hariri! Nimekutafutia nozeli nzima, wewe unazihifadhi kama kucha za mtakatifu. Na Oumouri ameuza gari lake kwa nini, wakati lilikuwa zima kuliko mwenyewe?

Mimi najua kilichotokea. Fundi wa mtaani amekwambia mdogo wako hajui, na wewe umemwamini kwa sababu yeye unamwona kila siku. Au Moindjié ameona haya kutengenezewa gari na shemeji. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, dada. Siku ya harusi gari likizimika mlimani na bibi harusi ndani, msinitafute.

Lakini mimi ni mjomba, na mjomba hafiki harusini mikono mitupu. Watu wote wataiona zawadi yangu, na wataisikia. Au tuseme hawataisikia.

Elarif

•

Magoudjou, Moroni
8 Septemba 1986
Kwa mkono wa Batoul, si kwa posta

Elarif,

Dhakia yuko salama kwa mumewe. Hizo ndizo habari njema, nazo zimekwisha.

Ulikuja na kofia mpya na mfuko wa spana. Nilikwambia mlangoni kwamba nina neno na wewe, ukasema baadaye, dada. Nikakuvuta kanzu uani, ukasema baadaye, dada. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, na miongoni mwao alikuwa yule jamaa anayekula kila harusi ya Moroni na kila jioni huenda kambini kuwaeleza wale Wazungu mamluki wa kumlinda Rais kilichosemwa. Ningesema nini mbele yake? Ukamwomba Dhakia ufunguo wa sanduku, na bibi harusi hamkatalii mjomba wake. Wanaume walipokuwa wanakula wewe ulikuwa chini ya boneti. Halafu ukawaita watu wote, ukaliwasha gari, ukaweka kikombe cha kahawa kilichojaa juu ya boneti, na kahawa haikutikisika. Ukasema, "Hii ndiyo zawadi ya mjomba."

Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga, Elarif. Zawadi ya mjomba hairudishwi mbele za watu, kwa hiyo nikaupigia kigelegele msiba wangu mwenyewe. Wewe ukapanda boti siku ya pili umenyoosha shingo.

Sasa nisikilize, nawe uwe msikilizaji kwa mara moja. Tangu Mei hawa mamluki wanatembea mitaani kuchagua magari. Hawaangalii rangi, wanasikiliza. La Oumouri walilichukua siku ileile walipolisikiliza, wakamwachia karatasi kwamba limeazimwa. Letu nalo walilisimamisha. Mmoja mwenye miwani myeusi alifungua boneti, akaziba masikio, akacheka, akatupungia mkono twende. Siku hiyo ndipo nilipozificha nozeli zako. Ule mlio uliouonea aibu ndio uliokuwa bawabu wetu. Uliniandikia methali ya mficha maradhi. Mimi nakuandikia kwamba hapa Moroni kinachofichwa ni afya.

Wiki ya pili baada ya harusi Moindjié alikuwa bandari ya zamani anapakia mchele. Yule wa miwani alikuja, akasimama karibu na injini iliyokuwa inawaka, na safari hii hakuziba masikio. Alimpa Moindjié karatasi ya kuazima kama ya Oumouri. Moindjié alirudi kwa miguu na kikapu cha abiria mmoja kichwani, kwa sababu abiria mwenyewe alikuwa mzee. Siku hizi anabeba magunia bandarini. Usiku namkanda mgongo.

Nina jingine. Batoul amekuona Mutsamudu, umelala chini ya lori la kambini. Hakuona uso, aliona viatu, na viatu hivyo ni yeye aliyekuuzia. Kwa hiyo mafuta ya gari yanachafua mikono ya watu wote sawasawa? Mimi nanyang'anywa gari lililotengenezwa na ndugu yangu, na wanaoninyang'anya wanatengenezewa na ndugu yangu huyohuyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nilikushonea mimi.

Ukijibu usiniandikie kwezi. Sitaipokea.

Ramlati

•

Mutsamudu
2 Oktoba 1986
Kwa mkono wa Batoul

Dada Ramlati,

Siandiki kwezi.

Gereji ya bandarini ilipofungwa nilikaa bila kazi msimu mzima. Nyumba ni ya Bahiat, na mwanamume asiye na kazi katika nyumba ya mkewe hubisha hodi hata akitoka chooni. Kambi ilitaka fundi. Nikaenda. Nilijua ungeniambia nini, ndiyo maana sikukupa nafasi ya kuniambia. Na nilijua wanachukua magari. Nilijiambia ni ya watu wengine.

Lakini barua hii ina jambo kubwa kuliko haya yangu. Juzi tishari limeshusha gari hapa. Yule Mzungu wa miwani amehamishiwa Mutsamudu na amekuja na Pijo lako. Nililiona linaingia kambini kimya kama nilivyoliacha, na kwenye kioo cha ubavuni bado kuna utepe mwekundu wa harusi ya Dhakia. Akanitupia ufunguo nibadilishe oili. Akalisifu mno. Alisema aliyelitengeneza alikuwa na mikono ya daktari. Nikamwambia asante, kisha nikasema namshukuru kwa niaba ya fundi huyo nisiyemjua.

Zile nozeli za zamani nilizozitoa ziko wapi? Zote nne. Kama Moindjié hajazitupa, mpe Batoul aje nazo. Na usimwambie mtu, hata Dhakia.

Elarif

•

Moroni
19 Oktoba 1986
Kwa mkono wa Batoul

Elarif,

Moindjié hatupi kitu, unamjua. Tatu zilikuwa kwenye kopo la misumari. Ya nne, ile mwizi wa tatu, Oumouri aliiomba akaifunga kwenye mshipi wake wa kuvulia iwe uzito, nami nikaenda kumwomba mwenyewe. Aliuliza ya nini. Nikamwambia nimeikumbuka. Alinitazama sana, akaikata mshipini bila kuuliza tena, akasema akirudi yule mgonjwa wangu anayegonga nimwite naye aje amsikie. Sikumwambia kitu, lakini mtu aliyenyang'anywa huelewa upesi.

Nimekutukana na siyafuti yale niliyoandika, uliyastahili. Lakini naogopa. Nimeota uko kambini na yule Mzungu anakusikiliza kama alivyolisikiliza gari. Elarif, gari ni chuma, na dhahabu zangu zilikwisha zamani. Moindjié mgongo wake utazoea au utamshinda. Nikikukosa wewe sina wa kugombana naye kwa Kiswahili katika visiwa vyote hivi. Ukiona mkono unakutetemeka, acha, mimi sitakuuliza kamwe.

Ramlati

•

Mutsamudu
25 Novemba 1986
Kwa mkono wa Batoul

Dada yangu Ramlati,

Bahiat anakusalimu, sote wazima, nami zaidi ya wote. Ulitaka habari, kaa kwanza.

Nilizitia zile nozeli za zamani siku ya huduma ya gari, mchana, mbele za watu, kwa sababu anayefanya jambo mchana haulizwi. Lakini nilifikiri: yule Mzungu ana sikio, na anaijua ile njia ya kulegeza nati. Akinilegezesha moja moja, akifika ya tatu mlio utakatika, atasema ni nozeli tu, ataagiza nyingine, na gari litabaki lake. Kwa hiyo ya pili nayo nikaiharibu ncha kwa jiwe la kunolea, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto tabia mbaya.

Siku ya pili gari lilitoka likigonga kuliko lilivyowahi kugonga kwenu. Alikuja juu na uso mwekundu, akaniamuru nishike spana na yeye asikilize. Nikalegeza ya kwanza, mlio upo. Ya pili, upo, kwa sababu ya tatu inaendelea. Ya tatu, upo, kwa sababu ya pili inaendelea. Ya nne, upo. Nilikuwa nimeinamia injini na jasho linanidondoka kwenye paipu, nikisoma kila aya niliyofundishwa chuoni. Kisha akasema, kwa fahari ya mtu aliyegundua kitu, "Beringi. Injini imekufa." Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikamwambia mkubwa ana sikio la ajabu.

Waliitafuta ile karatasi yao. Ghafla wote wakakumbuka kwamba gari liliazimwa tu, na kwamba wao si wezi, kitu cha watu kinarudishwa kwa mwenyewe. Mwenyewe ndiye atakayelipa boti. Wamempa Batoul barua yenye muhuri ili uijue heshima yao.

Zile nozeli mpya nimezirudisha stoo ya kambi, zilikotoka. Ndiyo, zilitoka humo. Uliziona hazina boksi na hukuuliza, ukawa na akili kuliko mimi. Kambi nayo nitaiacha Januari. Kaka zake Bahiat wana jahazi lenye injini mbovu na midomo mirefu, nitavumilia vyote viwili.

Elarif

•

Magoudjou, Moroni
17 Desemba 1986

Mdogo wangu Elarif,

Mimi, Moindjié, Dhakia na mumewe tunakusalimu. Hii naituma kwa posta, wasomao wasome.

Gari letu lililoazimwa limerejeshwa, tunawashukuru wahusika. Limeshushwa bandari ya zamani jana. Tishari lilikuwa bado mbali, na Oumouri aliyesimama kando yangu akasema huyo anakuja. Tulilisikia kabla ya kuliona, kwa sababu Moindjié alikwenda kwa mtumbwi kulipokea huko mbali, akaliwasha humohumo juu ya tishari asijizuie. Sasa linagonga kwa mikono miwili. Watu wazima walicheka mpaka wakashika mbavu, na Oumouri alilia, akasema ni moshi. Leo alfajiri mwadhini amepumzika.

Kwezi yako ambayo hukuiandika nimeipokea, na zile zote nilizokukatalia.

Dhakia ni mjamzito, mtoto atakuja karibu na Idi. Mjomba lazima uwepo, chumba chako kiko tayari na godoro nimelianika. Leta chochote roho yako ipendayo, nguo, marashi, hata mbuzi wa Nzuani akikubali kupanda boti. Ila spana zako ziache kwa mkeo, na nitakupekua mwenyewe mlangoni.

Dada yako akupendaye,
Ramlati